Mhadhiri Mpya na Deni la Kurudi

Kila mwaka wa masomo unapoanza, vyuo vikuu vyetu hupokea wahadhiri wapya. Wengi wao ni vijana waliofaulu vizuri na waliotoka masomoni karibuni. Hukabidhiwa meza katika ofisi ya kugawana na wenzao, ratiba ya vipindi, na orodha ya wanafunzi ambayo pengine yapita mia tatu. Mawaidha wanayopewa siku hizo za mwanzo ni mengi. Huambiwa waandae mihadhara mapema, wasahihishe mitihani kwa wakati, wajiendeleze kwa shahada ya juu, na zaidi ya yote wachapishe makala, kwa kuwa makala ndiyo ngazi ya kupandia cheo. Mawaidha hayo si mabaya. Lakini sisi tunaoishi huku wanakokuja kutafuta habari za kujazia makala hizo tunayo nasaha yetu, na ni haki tuitoe hadharani.

Huku ni Mchukwi, kata iliyo katika Wilaya ya Kibiti, Mkoa wa Pwani, upande wa barabara kuu iendayo Lindi na Mtwara. Wageni wengi huijua kwa sababu ya Hospitali ya Misheni. Watu wake ni wakulima wa korosho, mihogo, mpunga na minazi; wengi ni Wandengereko na Warufiji, pamoja na ndugu waliotoka pande nyingine za nchi. Kabla Wilaya ya Kibiti haijaundwa katikati ya miaka ya 2010, sisi tulihesabiwa katika Wilaya ya Rufiji.

Kama ipo sifa moja inayoitofautisha Mchukwi na kata nyingi za nchi hii, ni kwamba watu wake wamezoea kuulizwa. Mwaka 1998 ulianzishwa huku mfumo wa kufuatilia afya na idadi ya watu, ambao baadaye uliendelezwa na Taasisi ya Afya Ifakara. Mchukwi iliingizwa pamoja na Bungu, Kibiti, Ikwiriri, Mgomba na Umwe. Watu zaidi ya 80,000 waliandikwa, na kila baada ya miezi minne karani alipita nyumba kwa nyumba akiuliza nani amezaliwa, nani amefariki, nani amehama na nani amehamia. Nyuma ya makarani hao wamekuja wengine: wa misitu, wa ardhi, wa uvuvi, wa lishe, wa ndoa. Mama wa nyumba wa Mchukwi aweza kukutajia idadi ya vyandarua vyake kabla hujafungua kalamu, maana amekwisha kuulizwa mara nyingi.

Kwa hiyo, ndugu mhadhiri, usidhani kwamba unapobisha hodi unaingia mahali pasipo kumbukumbu. Unaingia mahali ambapo watu wanawakumbuka wote waliokutangulia, na wanakumbuka pia ni wangapi kati yao waliorudi.

Nasaha yetu ni hii: chagua mahali pamoja, parudie. Pawe kijiji, kata, hospitali, ghuba ya wavuvi au soko la mjini, lakini pawe pamoja, na upazoee kwa miaka. Twaamini kwamba mhadhiri atakayefanya hivyo atafundisha vizuri zaidi, ataandika vizuri zaidi, na hata nyumbani kwake atapata usingizi zaidi kuliko yule anayekimbizana na kila mradi unaotangazwa.

Tuanze na faida iliyoonekana. Wakati mfumo ule wa mwaka 1998 unaanza, Rufiji na Morogoro Vijijini zilikuwa wilaya za majaribio katika mradi wa Wizara ya Afya uliosaidiwa na Kanada, uliojulikana kwa kifupi kama TEHIP. Habari zilizokusanywa majumbani hazikuachwa makabatini. Zilifanywa michoro iliyoonyesha waziwazi ni maradhi gani yanayowaondoa watu duniani kwa wingi zaidi, kisha michoro hiyo ikawekwa mbele ya wakuu wa afya wa wilaya, wale wale wanaopanga bajeti. Ikadhihirika kwamba fedha zilizokuwa zikitengwa kwa malaria na maradhi mengine ya watoto hazikulingana hata kidogo na uzito wa maradhi hayo. Bajeti zikapangwa upya. Nyongeza ya fedha ilikuwa ndogo, kama dola moja kwa mkazi kwa mwaka. Katika muda wa miaka michache vifo vya watoto wenye umri wa chini ya miaka mitano vilipungua kwa karibu asilimia 40. Bila shaka zilikuwapo sababu nyingine, na wataalamu wataendelea kuzipima. Lakini mzazi wa Mchukwi aliyejibu maswali mara tatu kwa mwaka alikuwa na haki ya kusema kwamba majibu yake yalimrudia katika sura ya dawa na chandarua.

Uko na mfano wa zamani zaidi, nao ni wa walimu wa chuo kikuu hasa. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza Oktoba 1961 katika jengo la TANU lililoko Mtaa wa Lumumba, kikiwa na kitivo kimoja tu cha sheria na wanafunzi wasiotimia darasa moja la shule ya msingi ya leo. Kilihamia Mlimani mwaka 1964. Miaka minne tu baadaye, mwaka 1968, wanafunzi wake wa historia walitumwa vijijini kuandika masimulizi ya wazee juu ya Vita vya Majimaji. Walimu waliohusika na kazi hiyo walikuwa pamoja na John Iliffe na G. C. K. Gwassa, na huyu Gwassa alikaa na wazee wa Umatumbi, akawasikiliza kwa subira. Tupige hesabu kidogo: mtoto wa miaka kumi mwaka 1905 alikuwa na miaka 73 mwaka ule. Kama chuo kingesubiri muongo mmoja zaidi, wengi wa mashahidi hao wangekuwa kaburini, na tungebaki na maneno ya maofisa wa Kijerumani peke yake. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, ambaye Wajerumani walimnyonga Mohoro, humu humu Rufiji, mwezi Agosti 1905, angebaki kuwa mchawi katika majalada ya wakoloni. Mwaka 1969 Ebrahim Hussein akatoa tamthiliya yake ya Kinjeketile, kwa Kiswahili, ikaingia mashuleni. Mjukuu wa mzee aliyesimulia aliweza kuisoma habari ya babu yake kwa lugha ambayo babu yake aliisema.

Hilo la lugha halina budi kutajwa, wala tusilionee haya. Mhadhiri mpya amefundishwa kwa Kiingereza, anafundisha kwa Kiingereza, na majarida yanayompandisha cheo yamechapishwa kwa Kiingereza. Hatumlaumu kwa mpango asioupanga yeye. Lakini zingatia yaliyotokea katika Delta. Mwaka 1997 serikali iliidhinisha mradi mkubwa wa kufuga kambamiti kwenye mikoko ya Delta ya Rufiji, mradi uliopingwa na wanavijiji wengi wa huko pamoja na wataalamu wa mazingira, na mwishowe haukutekelezwa. Tusirudie hapa mabishano ya wakati ule. Twauliza jambo moja tu: mvuvi wa Delta angeisomaje taarifa ya kitaalamu juu ya mikoko yake, ikiwa imeandikwa kwa lugha asiyoijua na kwa maneno ambayo hata mwalimu mkuu wa kijiji yalimshinda? Mtu aliyekuwa na uwezo wa kumfafanulia ni msomi. Msomi aliyekuwa amepazoea mahali pale kabla ya ugomvi kuanza angesikilizwa na pande zote mbili. Yule aliyefika siku ya ugomvi aliulizwa kwanza ametumwa na nani.

Kurasa nne za Kiswahili safi zatosha. Andika ulichouliza, ulichokiona, usichokijua bado, na unachoshauri. Zipeleke kwa mtendaji wa kata na kwa mwenyekiti wa kijiji, kisha omba zisomwe katika mkutano wa hadhara, nawe uwepo. Utasahihishwa, na hiyo ni bahati. Yupo mzee atakayesimama aseme kwamba shamba ulilolihesabu kuwa limetelekezwa limepumzishwa tu, na kwa sentensi hiyo moja atakuokoa na aibu ya kuchapisha kosa. Na kama ni mtaalamu wa lugha au fasihi, yapo majarida ya Kiswahili, kama Kiswahili na Mulika ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, yanayongoja kazi zenye uzito.

Jambo jingine ni majira. Likizo ndefu ya chuo huangukia kiangazi, na kwa hiyo wahadhiri na wanafunzi wao huja Julai, Agosti na Septemba. Wakati huo njia za ndani ni kavu, mpunga umekwisha kuvunwa, ghala lina kitu, jando na unyago zinachezwa, na watu wana nafasi ya kukaa ukumbini na kuzungumza. Basi ripoti husema kwamba kijiji kinafikika, watu wana chakula na mahudhurio ya zahanati ni mazuri. Aliyeiandika hakudanganya; aliandika alichokiona. Lakini hajaiona Machi na Aprili. Hajaona jinsi mjamzito anavyobebwa kuvuka matope hadi afikie barabara, wala nyumba ambayo akiba imekwisha na mahindi mapya hayajakomaa. Hajaona pia Oktoba na Novemba, ambapo familia nzima iko mikoroshoni tangu alfajiri, na mtu anayekuja na dodoso la kurasa ishirini anaonekana kama mwizi wa siku.

Ukipachagua mahali pamoja, wapaswa kupaona katika majira yote. Si lazima ukae mwezi mzima. Siku mbili za Aprili zakufundisha jambo ambalo majuma sita ya Agosti hayakufundishi. Basi kutoka Mbagala Rangi Tatu hadi Kibiti si safari ya kuogopesha, na tangu Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003 hata ng'ambo ya mto pamekuwa karibu. Zamani tulingoja kivuko cha Ndundu, na mto ulipojaa tulingoja zaidi. Anayekwenda Delta, naye na ajifunze kuhesabu bamvua na maji mafu kama wenyeji wanavyohesabu, asije akapanga mkutano saa ambayo maji yamekupwa na mitumbwi imekaa juu ya tope.

Juu ya adabu za kuishi na watu hatutaki kusema mengi, maana mtu aliyelelewa vyema anazijua. Kibali cha Tume ya Sayansi na Teknolojia na barua ya mkuu wa wilaya vitakufikisha kwa mtendaji na mwenyekiti. Kufika ukumbini kwa mtu ni kazi ya hodi na shikamoo. Mzee asiitwe kwa jina lake tupu eti kwa sababu jina ndilo lililoandikwa kwenye orodha. Mwezi wa Ramadhani usiombe mazungumzo ya saa tatu adhuhuri. Ukikuta msiba, funga mkoba, uende mazikoni pamoja na wenyeji. Alipata kuja huku mtafiti mmoja, chuo chake tusikitaje, ambaye alikuta majirani wametandika mikeka kwa matanga akamsihi mfiwa amalizie maswali manne yaliyobaki. Akajibiwa yote manne. Sijui aliyaandika majibu hayo kwa moyo gani, wala wasomaji wake hawakujua thamani yake.

Sasa tuje kwenye shida za mhadhiri mwenyewe, maana nasaha isiyojali hali ya anayepewa ni amri tu. Twajua kwamba vipindi ni vingi na madarasa yamefurika. Twajua kwamba mshahara wa anayeanza una watu wengi nyuma yake: wadogo zake wanaosoma, wazazi, pengine nyumba inayojengwa Makongo au Kimara kwa matofali kumi kumi. Hili si jipya. Miaka ya 1980, thamani ya mishahara iliposhuka, walimu wa chuo walifuga kuku na ng'ombe wa maziwa ili waishi. Baadaye zikaja kazi za ushauri, na wengi wakaona afadhali hizo kuliko kuku. Mhadhiri akiitwa Mtwara juma hili, Kigoma juma lijalo, kisha Tanga, anarudi na posho lakini pia na taarifa tatu zisizokamilika, mitihani mia tatu isiyosahihishwa, na mtoto aliyeanza kumwamkia kama mgeni.

Hapo ndipo twasema kwamba kupachagua mahali pamoja si mzigo juu ya mizigo. Ni njia ya kuipunguza. Anayejua mahali pamoja kwa undani haanzi upya kila mara. Mfano anaoutumia darasani Jumatatu ameuona mwenyewe, hakuunakili kutoka kitabu cha ughaibuni kilichoandikwa juu ya nchi nyingine. Wanafunzi wake wa mwaka wa tatu wanapotafuta pa kufanyia utafiti, anawapeleka mahali ambapo jina lake linafahamika, na kazi yao inaendeleza ile ya wenzao waliotangulia badala ya kuirudia. Makala atakazoandika hazitakuwa nyingi katika miaka miwili ya kwanza, tusimfiche. Mwenzake aliyeparamia kila jambo atamtangulia kwa idadi. Katika mwaka wa sita au wa saba, hata hivyo, yeye ndiye atakayekuwa na jambo la kusema ambalo mwingine hawezi kulisema, na hata majarida ya mbali yanalitafuta jambo la namna hiyo.

Naye na akatae baadhi ya kazi. Mwaka wa kwanza ni wa kufundisha. Somo moja jipya lililoandaliwa barabara linakula saa nyingi kuliko mtu anavyodhani kabla hajalifundisha, na wanafunzi mia tatu hawakosi kumtambua mwalimu aliyekuja na karatasi za mwaka juzi. Awaombe wakubwa wa idara wasimpe masomo manne mapya kwa mkupuo. Ajitengee siku moja katika juma ambayo haina chuo wala safari. Jirani yake wa Changanyikeni naye ni mwananchi. Kama mhadhiri hamjui hata kwa jina, sisi wa Mchukwi tutaamini vipi kwamba anataka kutujua?

Wapo watakaosema kwamba vyuo vyenyewe havimthamini anayerudi kijijini, kwa kuwa mkutano wa hadhara haumo katika alama za kupandishia cheo. Hoja hii ina nguvu, na jibu lake halimo mikononi mwa mhadhiri mpya. Limo mikononi mwa maprofesa wanaokaa katika kamati. Hao walipokuwa vijana walilalamika hivyo hivyo. Sasa kiti ni chao, na muhtasari wa Kiswahili uliosomwa mbele ya wananchi waweza kuhesabiwa kama wanavyohesabu vitu vingine vingi visivyo na uzito huo. Ikiwa fedha za utafiti zina fungu la tiketi za ndege za kwenda kuhudhuria kongamano, haielekei kwamba hazina nafasi ya nauli ya kurudi Kibiti.

Haraka yetu inatokana na mto. Mafuriko makubwa ya mwaka 1968 yalifuatiwa na kuhamishwa kwa watu wa bondeni kwenda vijiji vya ujamaa vya mwinuko. Nia ilikuwa njema, kwani shule na zahanati zilipatikana na watu hawakusombwa tena. Lakini mkulima wa bondeni alijua kwamba maji yale yale yaliyomfukuza ndiyo yaliyomletea udongo mpya, na kwamba katika unyevu uliobaki yalipokupwa alipanda mlao bila kungoja mvua. Watafiti wa Mlimani wa miaka ya 1970 waliyaandika hayo. Waliyaandika kwa Kiingereza, baada ya watu kuhama.

Safari hii mto umebadilika kwa namna ambayo hakuna mzee yeyote mwenye kumbukumbu yake. Mwezi Desemba 2022 Bwawa la Julius Nyerere lilianza kujazwa maji, na sasa mto unapita kwenye kituo chenye mitambo tisa na uwezo wa megawati 2,115. Ni kazi kubwa ya taifa, na umeme wake tunautumia. Aprili 2024 mafuriko yaliingia tena katika mashamba na nyumba za Rufiji na Kibiti, na kila mtu akawa na maelezo yake. Mkulima wa mlao anauliza kama udongo mpya utaendelea kumfikia au utabaki bwawani. Mwenye shamba la mpunga kule Delta anauliza kama maji ya chumvi yatapanda zaidi kiangazi au yatarudi nyuma. Mvuvi anauliza juu ya kambamiti, ambao hukulia mahali maji baridi na maji ya bahari yanapokutana. Anayepanda bondeni anataka kujua atapewa taarifa siku ngapi kabla maji hayajafunguliwa, na nani atakayemletea.

Maswali hayo hayajibiki kwa ziara ya siku kumi za Agosti. Yanahitaji mtu atakayepima mahali pale pale mwaka huu, mwaka ujao na mwaka wa tano, masika na kiangazi, na atakayesimama mbele ya mkutano kusema amepata nini. Wahadhiri wanaoajiriwa sasa ndio wenye umri wa kuifanya kazi hiyo. Ofisi ya mtendaji wa kata huwa wazi asubuhi. Anayekuja masika na aje na viatu vya matope.